Bombo za Noheli ziuzwe, zisiishie midomoni mwa watoto wetu

GITAMBI, Rusizi. Kuanzia katikati ya Desemba, mizigo inayopanda kutoka Kamembe na kutoka bonde la Bugarama kuelekea vilima vya Gitambi hubadilika sura. Nyuma ya kiti cha pikipiki, mahali ambapo mwezi Oktoba palifungwa sabuni, chumvi na mafuta ya kupikia, sasa pamefungwa makatoni ya biskuti, pakiti za bombo za rangi zote, chingamu na pipi za kijiti. Kreti za soda zinafuata. Kila duka dogo, kuanzia Mashesha hadi Hangabashi, lina ndoo ya plastiki yenye kifuniko iliyojaa peremende, na watoto wanaijua ndoo hiyo kuliko wanavyomjua mwenye duka.

Sababu yake inaeleweka. Rwanda hupumzika Desemba 25 na 26, kisha Januari 1 na 2, na kati ya Noheli na Ubunani hakuna anayefanya kazi kwa moyo wote. Watoto wako nyumbani. Wageni wanakuja na kuondoka. Ng'ambo ya mto, Bukavu nako kuna Bonana yao, na mtoto wa Kadutu anadai bombo yake kama anavyoidai mtoto wa Gitambi. Kwa mfanyabiashara mdogo anayevuka Rusizi ya Kwanza, Rusizi ya Pili au Kamanyola, majuma haya mawili ni mavuno. Bidhaa ni nyepesi, haiozi, inauzwa kwa rejareja na mtaji wake unarudi haraka.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya huyo anayebeba katoni. Katika kilima chochote, mtoto anayekaa karibu zaidi na sukari ni mtoto wa mchuuzi. Nyumba ndiyo ghala. Katoni iko chini ya kitanda au juu ya kabati, na mama akitoka alfajiri kuwahi mpakani, aliyebaki kulinda mzigo ni mtoto wa miaka tisa na wadogo zake wawili. Mtaji unaliwa, meno yanaliwa, na hesabu ya jioni haitoshi. Wenye kazi hii wanajua kwamba hasara ya kwanza ya msimu haitokei forodhani.

Mtu asielewe kwamba tunataka kuwanyima watoto sikukuu. Noheli bila bombo, kwa mtoto wa Rwanda, ni kama harusi bila ngoma. Tunachouliza ni hiki: kiasi gani, saa ngapi, na baada ya kula nini.

Hesabu ya siku moja

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2015: sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyo katika asali, sharubati na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mwili unapata kwa chakula cha siku. Ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni takribani gramu 25, yaani vijiko sita vya chai, kijiko kikiwa sawasawa na si mlima. Kwa mtoto wa miaka saba, anayekula kidogo kuliko baba yake, kiwango cha asilimia 10 ni kama gramu 40, na kile cha chini ni kama gramu 20.

Sasa tumfuate mtoto huyo siku ya Noheli. Asubuhi amekunywa chai yenye vijiko viwili vya sukari: gramu 8. Baada ya misa amepewa fanta. Hapa Rwanda kila soda ni fanta, iwe nyeusi, nyekundu au ya njano, na chupa ya mililita 300 ina gramu 30 za sukari au zaidi. Mchana kutwa amekula bombo tano. Bombo ngumu ya kawaida ina uzito wa gramu 4 hadi 5 na karibu yote ni sukari, kwa hiyo tano ni zaidi ya gramu 20. Biskuti za jioni zimeongeza gramu 5 au 6. Jumla imefika gramu 65 na kitu, vijiko kumi na sita, na bado hajapita kwa shangazi yake.

Angalia mzigo mkubwa uko wapi. Wazazi wengi humkaripia mtoto kwa bombo ya tano huku wenyewe wakimfungulia chupa ya pili ya fanta kwa furaha. Chupa moja ni sawa na bombo sita au saba. Ukitaka kupunguza sukari ya sikukuu kwa hatua moja tu, anza na kreti, uiache ndoo ya pipi kwa sasa. Chupa moja wagawane watoto wawili, kila mmoja na glasi yake, na jagi la maji liwe mezani. Mtoto anayekunywa kwa sababu ya kiu, baada ya kukimbia jua zima, atakunywa chochote kilicho karibu. Kikiwa karibu ni maji, atakunywa maji.

Serikali yenyewe imeiona soda, ingawa kwa jicho la mapato zaidi kuliko la afya: sheria ya ushuru wa bidhaa ya mwaka 2019 iliweka asilimia 39 kwa soda, na ikaweka kiwango cha chini zaidi kwa juisi za matunda. Anayeuza anajua tofauti hiyo inavyoonekana katika bei. Hata hivyo juisi nayo ina sukari, jambo ambalo wengi hulisahau wakiona picha ya nanasi kwenye boksi.

Chenji ya bombo

Kuna njia moja ya sukari ambayo haimo katika kitabu cha lishe, ila kila mtu wa mpakani anaijua. Mtoto ametumwa dukani kununua chumvi. Muuzaji hana sarafu. Anampa bombo mbili badala ya chenji. Bukavu hali ni hiyohiyo, hasa pale noti ndogo za faranga za Kongo zinapochakaa na kuadimika. Mtoto akitumwa mara nne kwa siku, na wiki ya sikukuu hutumwa hata mara kumi, anarudi na mdomo uliojaa.

Nisiwalaumu wenye maduka kupita kiasi. Sarafu ni shida ya kweli. Lakini chenji inaweza kuwa kiberiti, kiungo cha mchuzi au karanga za kufungwa kwenye karatasi, na mama anaweza kumwambia mwenye duka mapema kwamba chenji ya nyumba yake iandikwe kwenye daftari. Anayeweza kuandika deni anaweza pia kuandika akiba.

Jino linahesabu mara, halihesabu idadi

Kuhusu meno, wengi wetu tumekosea hesabu. Tunadhani bombo kumi zinaharibu mara kumi ya bombo moja. Mdomo haufanyi kazi hivyo. Bakteria wanaoishi juu ya meno wanageuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo inalainisha ngozi ngumu ya jino kwa karibu nusu saa kila mara sukari inapoingia. Kisha mate huisafisha na kurudisha madini kidogo kidogo. Mtoto anayekula bombo tano mfululizo baada ya chakula cha mchana amelishambulia jino lake mara moja. Mtoto anayekula bombo moja kila saa, kuanzia asubuhi hadi jioni, amelishambulia siku nzima na mate hayajapata nafasi ya kutengeneza kitu. Idadi ya bombo inaweza kuwa ileile.

Ushahidi wa jambo hili una historia chungu. Katikati ya miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, Sweden, watafiti walianza kuwapa wagonjwa wenye ulemavu wa akili vyakula vyenye sukari, miongoni mwao wengine wakipewa tofi za kunata kati ya mlo na mlo, ili kuona meno yao yatakuwaje. Hakuna aliyewaomba ridhaa. Meno ya waliokula tofi hizo katikati ya milo yaliharibika vibaya, na leo utafiti huo unatajwa katika vitabu vya maadili ya tiba kama mfano wa jambo lisilopaswa kurudiwa. Lakini matokeo yake yalibaki, na kuanzia miaka ya 1950 wazazi wa Sweden walishauriwa kuwapa watoto pipi zote za wiki kwa siku moja. Hadi leo kuna desturi yenye jina lake kabisa, pipi za Jumamosi: mtoto anakwenda dukani na mfuko wake, anachagua, anakula, na hadi Jumamosi nyingine hakuna tena.

Gitambi haihitaji kuwa Sweden ili kuchukua faida ya jambo hilo. Saa ya bombo inaweza kupangwa: mara baada ya chakula cha mchana, wakati mate ni mengi na tumbo limejaa, kila mtoto apewe fungu lake, alimalize, anywe maji, basi. Atakula chache kwa sababu ameshiba, na hatakuwa na sababu ya kuchungulia chini ya kitanda saa kumi. Bombo za kunata na zile za kunyonya kwa muda mrefu ndizo mbaya zaidi kwa jino, kwa kuwa zinakaa. Chokoleti inayoyeyuka na kupita ina nafuu. Pipi ya kijiti ambayo mtoto anaizungusha mdomoni nusu saa, akaifunga tena kwenye karatasi yake na kuirudia baada ya kucheza mpira, ndiyo adui aliyetulia kuliko wote.

Usiku ni mwiko. Mtu akilala mate hupungua, na bombo iliyoingia na mtoto kitandani inafanya kazi hadi alfajiri bila kizuizi. Mswaki wenye dawa ya meno ya floridi mara mbili kwa siku, na ule wa usiku ndio wenye thamani. Baada ya fanta mtoto asikimbilie mswaki papo hapo, maana soda yenyewe ni asidi na jino limelainika; asukutue kwa maji kwanza, mswaki usubiri nusu saa au zaidi.

Mama wa mpakani ana sababu ya ziada ya kulijali jino la mtoto. Mwenye mituweli hulipa faranga 200 kwenye kituo cha afya na asilimia 10 ya gharama hospitalini, kwa hiyo kumng'oa mtoto jino si gharama ya kufilisi. Kinachouma ni siku. Kutoka Gitambi hadi hospitali ya Mibilizi au Gihundwe, foleni, kurudi, na pengine kurudi tena: siku mbili za soko zimekwenda, nyanya zimelainika, na mteja wa Bukavu aliyezoea kukusubiri asubuhi amenunua kwa mwingine. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuna aliyelala katika nyumba nzima.

Jambo jingine wazazi hulitaja kila Noheli: kwamba sukari inawapandisha watoto wazimu. Wanaruka, wanapiga kelele, hawalali. Hili lilichunguzwa vizuri. Mwaka 1995 jarida la chama cha madaktari cha Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ambamo watoto walipewa sukari au kitu kingine chenye utamu bila wao wala wazazi wao kujua ni kipi, na sukari haikuonekana kubadilisha tabia zao. Mtoto anaruka Noheli kwa sababu ni Noheli, binamu zake kumi wamekuja na hakuna aliyemwambia akalale. Tusiisingizie sukari makosa ambayo si yake, yake yanatosha.

La hatari ya papo kwa papo ni dogo na linasahaulika. Bombo ya mviringo iliyo ngumu inaweza kuziba koo la mtoto mdogo, na karanga nzima vilevile. Mtoto wa chini ya miaka minne asipewe kabisa, na mkubwa asile huku akikimbia. Kwenye nyumba yenye wageni wengi, anayempa mtoto mchanga bombo kwa kawaida ni mtoto mwenzake wa miaka sita, kwa upendo tu. Huyo wa miaka sita ndiye wa kuambiwa mapema.

Mzee mwenye kisukari mezani

Upande wa wakubwa, kazi ngumu ya sikukuu iko kwenye adabu. Kwetu mgeni hapokelewi kwa mikono mitupu. Ukiingia nyumba ya mtu siku ya Ubunani utapewa kinywaji, na kukataa kunaonekana kama kukataa nyumba. Mzee aliyeambiwa na daktari apunguze sukari anapita nyumba nne na kupewa fanta nne, kwa kuwa hanywi bia. Anazinywa kwa heshima. Kesho yake haoni vizuri na mkojo haukatiki.

Anayefanya sherehe ndiye wa kumwokoa, na anaweza kufanya hivyo bila kumtangaza. Weka mezani ikivuguto isiyotiwa sukari. Hakuna mzee wa Rwanda anayeona maziwa ya mgando kuwa kinywaji cha dharau. Ni kinyume chake. Weka maji ya chupa yaliyopoa, chai ya tangawizi yenye bakuli la sukari pembeni ili kila mtu atie mwenyewe. Unapomwuliza mgeni, uliza "Nikuletee nini, mzee wangu?" na utaje vitu vitatu, cha kwanza kikiwa maziwa. Usifungue chupa kabla ya kuuliza. Chupa iliyokwisha funguliwa ni amri.

Kisukari chenyewe kina maelezo mengi ya mtaani yasiyo sahihi. Bombo za siku moja hazimpi mtu kisukari. Ile aina inayowapata watoto na vijana ghafla haitokani na kula sukari hata kidogo, na mzazi wa mtoto huyo asiongezewe mzigo wa kulaumiwa. Aina ya pili, inayowapata zaidi watu wazima, inahusiana na urithi, unene, kukaa bila kutembea na mazoea ya miaka, na vinywaji vya sukari vya kila siku vina nafasi yake humo. Wachuuzi wanaotembea sana wana bahati upande huo. Wale ambao biashara imekua, wakakaa dukani na friji ya soda kiganjani, wanahitaji kupima. Jijini Kigali, tangu 2016, siku za Car Free Day watu wamekuwa wakipimwa sukari na shinikizo la damu barabarani bila malipo. Aliye Gitambi aanzie kwa mjumbe wa afya wa kijiji chake au kituo cha afya.

Na kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, bombo ni dawa. Akichelewa mpakani, akakosa chakula na kuanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari yake ya damu imeshuka. Anahitaji gramu 15 hivi za sukari ya haraka: bombo tatu au nne za kutafuna, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha kusubiri robo saa na kupima au kurudia iwapo hajapata nafuu, halafu ale chakula. Ukisafiri na mtu wa namna hiyo, bombo ziwe mfukoni mwako na si kwenye katoni lililofungwa kamba.

Nini kiingie kwenye katoni

Turudi kwenye biashara, maana najua msomaji wa ukurasa huu alikuwa akiisubiri. Je, mtu anaweza kuuza msimu wa Noheli bila kutegemea sukari tupu? Sehemu yake, ndiyo.

Sukari yenyewe katika eneo letu haijawahi kutosha. Rwanda ina kiwanda cha Kabuye karibu na Kigali, Burundi ina cha Moso, na Kongo ilikuwa na cha Kiliba kwenye bonde la Ruzizi, karibu na Uvira, kabla vita havijakisimamisha mwaka 1996. Hakuna nchi kati ya hizo inayojitosheleza, na katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki sukari imo katika orodha ya bidhaa nyeti zenye ushuru mzito. Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, Ruhwa nayo ikanyamaza. Kwa hiyo bei ya kitu chochote kinachotengenezwa kwa sukari hupanda na kushuka bila kumwuliza mchuuzi.

Matunda hayana shida hiyo, na Gitambi iko mahali pazuri. Juu kuna ndizi mbivu, maparachichi, marakuja. Chini Bugarama, bonde lenye joto na la chini kuliko sehemu nyingine zote za Rwanda, mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna matunda ya joto. Tunda zima halihesabiwi katika ile sukari ambayo Shirika la Afya Duniani linaonya dhidi yake, kwa sababu utamu wake umefungwa ndani ya nyuzinyuzi na unaingia mwilini polepole. Nanasi lililokatwa vipande na kuchomekwa kijiti ni pipi ya kijiti ya aina yake, na mtoto halikatai. Karanga za kukaanga, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha: vyote vinauzika kwenye umati unaotoka kanisani.

Asali ya vijiji vinavyopakana na msitu wa Nyungwe ni zawadi ya heshima na ina faida nzuri kwa anayeivusha, ila isiuzwe kwa jina la "sukari isiyo na madhara". Kwa hesabu ya madaktari, asali ni sukari. Sharubati ya ndizi, ule umutobe mtamu tunaoupenda, nayo ni hivyohivyo. Glasi ndogo inatosha. Muwa hauna lebo wala rangi ya kutiwa, na una kazi ya kutafuna, lakini maji yake ni sukari, na meno hayajui kwamba umetoka shambani.

Chokoleti ina kesi yake. Huanza kulainika joto linapokaribia nyuzi 30, na anayeipitisha Bugarama au Kamanyola saa nane mchana atafika na uji uliofungwa kwenye karatasi ya fedha. Ikiganda tena huwa na ukungu mweupe juu. Haina sumu, lakini mteja ataikataa. Anayetaka kuiuza Gitambi aisafirishe alfajiri, au aiache.

Soma lebo. Bidhaa nyingi zinazokuja kwetu zimeandikwa Kifaransa au Kiingereza, na orodha ya viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Sucre au sugar ikiwa ya kwanza, unajua unauza nini. Tafuta pia tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa, kwa maana Desemba ndiyo mwezi ambao mzigo wa mwaka juzi hupata wanunuzi wenye haraka.

Kitu kimoja ambacho kila mchuuzi anaweza kukifanya bila kubadilisha bidhaa ni kipimo. Rwanda iliachana na mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mifuko midogo ya karatasi imekuwa sehemu ya duka. Badala ya kuuza kwa pakiti nzima ya bombo mia, funga mifuko: bombo tatu, fungu dogo la karanga, biskuti mbili. Mzazi mwenye watoto wanne ananunua mifuko minne na ugomvi umekwisha. Wewe unauza karanga zako kwa bei ya sherehe, na faida ya bombo kwa moja haishuki. Fungasha mifuko hiyo usiku, pamoja na watoto wako, ukiwahesabia waziwazi lililo lao na lililo la mtaji. Mtoto aliyefunga mifuko sitini kwa mkono wake huona bombo kwa jicho tofauti kidogo, na akiiba utajua ni mfuko wa ngapi.

Januari 3 ndoo bado itakuwa na kitu. Shule zikifunguliwa, kishawishi ni kuwapa watoto mabaki waende nayo, moja asubuhi, moja mapumziko, moja wakirudi. Na hiyo ndiyo ile hesabu ya jino tuliyoieleza, ikirudiwa kila siku hadi mwisho wa mwezi. Pakiti zilizofunguliwa ziuzwe kwa bei ya kununulia. Zilizofungwa, zenye tarehe ndefu, zihifadhiwe mahali pakavu na pa juu. Idi hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na Waislamu wa Bugarama na Kamembe huanza kuulizia biskuti na pipi siku za mwisho za Ramadhani. Ikiwa Idi ya mwaka huu iko karibu, katoni lililofungwa Desemba linaweza kufunguliwa huko likiwa bado zima, na bei ikiwa imepanda.